Mzee Naondoka

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mzee Naondoka, na jina hilo alijipatia mwenyewe kwa mdomo wake. Mkiwa mmekaa naye mnazungumza, akinyanyuka kwenda msalani hatua kumi tu, atawaambia, "Jamani, naondoka." Akienda jikoni kuchukua kiberiti, anaondoka. Akitoka asubuhi na mwiko wake wa uashi kwenda kwenye ujenzi, anaondoka, na mkewe amesimama pale pale na kikombe cha chai mkononi. Wageni walidhani ni mtu wa hasira. Wenyeji walicheka tu, wakazoea.

Maana sisi wengine, kama mnavyojua, tuna mtindo wetu. Mtu kavaa viatu, mgongo uko mlangoni, mguu mmoja uko nje, anasema, "Nakuja." Unakuja wapi, bwana wee, na wewe ndiyo kwanza unakwenda? Lakini hakuna anayeuliza, kwa sababu tumekua nalo. Nakuja yetu maana yake nakwenda, nitarudi. Pengine sasa hivi, pengine kesho, pengine ndiyo imetoka hiyo. Tunaagana kwa neno la kufika na hatuoni ajabu yoyote.

Yeye neno hilo alikuwa amelipiga marufuku. Kazini, kibarua wa zege akisema "Fundi, nakuja," anamrudisha: sema unakwenda, ukirudi nitakuona. Mafundi wenzake walimtania kwamba siku ya kufa malaika atamkuta ameshaaga. Mkewe, mshonaji wa pale mtaani, aliwaambia wateja wake kuwa mumewe ana kichaa kidogo kisicho na madhara, na wanawake wakacheka huku wakipimwa mabega. Hivyo ndivyo alivyoamini mke mwenyewe, miaka yote hiyo.

Madhara yakaja kuonekana siku ya kumuaga binti yao wa mwisho. Binti alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, mji wa mbali. Uani pamejaa majirani, begi limeshafungwa kamba, gari linanguruma nje. Binti akaushika mkono wa baba yake kwa heshima, akatabasamu, akasema kama tunavyosema sote, "Haya baba, nakuja."

Mzee akabadilika rangi. "Usiniambie hivyo," akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Sema unaondoka. Sema hapa hapa, mbele za watu, kwamba unaondoka."

Shangazi mtu akajikohoza. Majirani wakatazama chini. Binti akasema kwa sauti ya chini kwamba anaondoka, kisha akapanda gari huku analia, na gari likaenda naye katika hali hiyo. Mtoto wa kike anakwenda kuanza maisha, anasindikizwa na fokeo. Mimi simtetei mzee hapo, na wala yeye hakujitetea.

Mkewe alisubiri mgeni wa mwisho atoke. Akaketi kwenye cherehani yake, lakini mguu hakuuweka kwenye pedeli. Akamwambia kwamba miaka ishirini na miwili amevumilia neno moja lisilo na maelezo, na leo maelezo yatatoka, ama sivyo atakayeondoka kweli kweli ni yeye, mke. Mzee akashika tama. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamsimulia.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi mwashi aliyeiva, hajaoa. Shirika fulani lilikuwa likitafuta mafundi wa kujitolea nje ya nchi kwa mwaka mmoja, kwenye kituo cha watoto yatima kilichokuwa kijijini mbali kabisa na lami. Baadaye watu walimsifu kwa moyo wa huruma, na sifa hizo hakuzikataa, lakini kwa mkewe alisema ukweli: hakwenda kwa huruma. Alikwenda kwa sababu katika mafundi wa rika lake hakuna aliyewahi kuvuka mpaka, na yeye alitaka kuwa wa kwanza. Yatima alikuwa hajawafikiria hata kidogo.

Walikwenda wanne: yeye, seremala, nesi na mwalimu wa shule ya msingi. Lugha ya kule haikufanana na yetu hata kwa neno la maji. Wiki mbili za mwanzo aliongea kwa mikono, akiomba tofali kwa kuchora hewani, na wanakijiji waliokuja kusomba mawe wakamcheka mpaka wakatua mizigo. Aliyejua Kiswahili pale alikuwa mmoja tu, mkuu wa kituo, mwanamke mfupi, mkali, mwenye shada la funguo kiunoni, ambaye zamani alifanya biashara sokoni na watu wa upande wetu. Watoto na watu wazima walimwita Mama Mlezi.

Kazi zilikuwa tatu. Bweni la watoto, tangi la maji la kijiji, na choo cha shule. Mikono ya kijiji ilikuwa mingi na yenye moyo, ila ilikuwa na haraka. Kila walipomaliza kozi tatu za tofali walitaka kupandisha ya nne kabla udongo haujashika, na yeye akiwazuia wanamwona mwoga. Alikuwa na timazi ya shaba, ile pima inayoning'inizwa kwa uzi kuona kama ukuta umenyooka, iliyokuwa ya marehemu baba yake, naye alikuwa fundi. Ilikuwa na bonde dogo ubavuni, iliangukia jiwe enzi za baba mtu. Kila pembe ya ukuta ilishushiwa timazi ile kabla ya kuongezwa tofali lingine, na uzi ulipotulia ndipo alipoitikia kwa kichwa kwamba haya, endeleeni.

Wiki ile ile aliyofika yeye, kililetwa kituoni kitoto cha kike cha kama miaka sita, mgongoni kimembeba mdogo wake wa kiume ambaye ndiyo kwanza anasimama dede. Kwao watu wazima walikuwa wametoka nyumbani mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyerudi. Kwa hiyo mtoto yule alikuwa na tabia moja: mtu mzima yeyote akitoka mlangoni, anamfuata hadi getini, anakaa chini mavumbini, hali, hanywi, mpaka mtu yule arudi. Nesi akienda kisimani, analiliwa. Mwalimu akienda shuleni, analiliwa. Mama Mlezi alisema mtoto huyo atakufa kwa kusindikiza.

Kilichomtoa getini ni timazi. Aliiona inang'aa juani, akasogea. Fundi akamwekea ncha ya uzi vidoleni, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja, akamwonyesha kwa macho kwamba kazi yake ni kutotikisika mpaka shaba itulie. Mtoto akasimama juu ya tofali mbili, mkono juu, pumzi ameibana. Ilipotulia, fundi akasema, "Sawa." Naye akasema, "Sawa." Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aletwe, na lilikuwa letu.

Tangu siku hiyo akawa mshika uzi, na kwa wembamba wake fundi akamwita Uzi. Akajifunza Kiswahili chote cha kazi ile: shika, vuta, legeza, sawa. Baada ya miezi miwili alikuwa akimkaripia mwenyewe, "Vuta, Fundi," na wasomba mawe wanakufa kwa kicheko. Mdogo wake alitambaa miguuni mwao akila mchanga.

Tatizo lilikuwa mchanga wa kujengea. Kila siku fundi alikwenda mtoni na mkokoteni kuuchota, mara mbili, mara tatu, na kila alipogeuza mgongo Uzi alianza kutetemeka midomo. Basi akabuni dawa. Alimkabidhi timazi mkononi, akamwambia, "Shika hii, nakuja." Akaenda, akarudi. Kesho yake, "Shika hii, nakuja." Akaenda, akarudi. Mara ya kwanza alimkuta amelowa machozi. Mara ya tano alimkuta amekaa kimya. Mara ya ishirini alimkuta anaimba, timazi inaning'inia kidoleni.

Hapo ndipo panapouma. Mtoto yule hakujua kwamba sisi neno hili tunalitupa ovyo. Yeye alilipokea lilivyo. Nakuja ni nakuja. Kwa mwaka mzima, mara mia na mara mia nyingine, aliyelisema alikuja kweli, na timazi ikarudi mkononi mwa fundi ikiwa na joto la kiganja cha mtoto. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumpa neno la hakika namna ile. Akaanza kula. Akaanza kunenepa mashavu. Akienda chooni alimwambia mdogo wake, "Nakuja," kwa lafudhi yetu kabisa, na mdogo mtu akatulia pia.

Mwaka ukaisha. Bweni limesimama, tangi limejaa, choo kimepigwa lipu. Palikuwa pamebaki pembe moja ya jiko jipya, ambayo fundi alijiongezea mwenyewe, haikuwa kwenye mpango. Gari la kuwachukua lilitarajiwa Jumamosi. Lakini mvua zilianza mapema huko juu, na dereva akafika Alhamisi, akisema daraja likifunikwa watakaa mwezi. Kulikuwa na sheria pale kituoni kwamba wageni wasiage watoto, kwa sababu wakiagwa wanagoma kula siku tatu. Waingie garini, waende. Mama Mlezi siku hiyo alikuwa ameenda sokoni.

Honi ilipopigwa, fundi alikuwa kwenye pembe ya jiko na Uzi yuko juu ya tofali zake mbili. Seremala, nesi na mwalimu walikwishapanda. Angeweza kuchuchumaa. Angeweza hata kusema kwa ile lugha ya kule, ambayo kufikia hapo aliijua vya kutosha, kwamba kazi imekwisha, ninakwenda kwetu, sirudi. Badala yake mdomo ukasema ulichozoea.

"Shika hii, nakuja."

Mkewe alimuuliza hapo kama alikusudia kurudi. Mzee akasema hajui. Pengine alikuwa anafuata begi lake chumbani ili arudi kumwambia vizuri. Lakini begi dereva alikuwa ameshalipakia, mtu akamvuta mkono akapanda, mlango ukafungwa. Gari lilipozunguka nyuma ya bweni alimwona Uzi kupitia kioo. Hakuwa akilitazama gari. Alikuwa ameinua mkono, macho kwenye shaba, anasubiri itulie kama alivyofundishwa.

Barua ya Mama Mlezi ilimfikia miezi minne baada ya kurudi kwao, akiwa kazini, juu ya jukwaa. Aliijua kwa moyo mpaka leo, akamsomea mkewe bila karatasi. Mama mdogo wa wale watoto alikuwa amepatikana. Alisafiri siku nne kuwafuata wote wawili. Yule wa kiume aliingia garini bila shida. Uzi alikumbatia nguzo ya jiko kwa mkono mmoja, mkono mwingine ameshika timazi, na hakuna aliyeweza kumbandua. Nilivikunjua vidole vyake mimi mwenyewe kimoja kimoja, aliandika Mama Mlezi, na nikikunjua cha pili, cha kwanza kinajifunga. Tulimuuliza kwa nini hataki kwenda na damu yake. Alisema maneno mawili tu: Fundi nakuja. Gari lilikuwa la kuomba, lisingeweza kungoja. Mama mdogo alimchukua mdogo, akasema atamrudia mkubwa. Hajarudi. Njoo wewe, Fundi, umwambie kwa mdomo wako kwamba hurudi, kwa sababu yeye hatuamini sisi.

Alishuka jukwaani siku hiyo akaenda kukaa nyuma ya rundo la kokoto. Alikusudia kwenda kiangazi. Kiangazi akapata kazi ya ghorofa. Kilichofuata akaoa. Kilichofuata akawa na mtoto, na alipomshika mwanawe wa kwanza mikono ilimlegea, akamrudishia mkunga. Aliandika barua moja tu, na ndani yake alisema, mwambieni namsalimu. Salamu! Mtoto kapoteza ndugu, wewe unamtumia salamu. Halafu kila mwaka uliopita ukaufanya unaofuata kuwa mgumu zaidi, mpaka safari ya siku tatu ikamwia mbali kama ahera. Alichoweza kufanya ni kulikataa lile neno. Alidhani hiyo ni adhabu ya kutosha.

Alipomaliza, mkewe kwanza alimuuliza swali ambalo mke yeyote angeliuliza, kama mtoto huyo alikuwa wake. Akala kiapo kwamba hapana. Mkewe akasema bora angekuwa wake, maana aibu ya namna hiyo watu wanaijua na wanajua pa kuiweka. Kisha akafungua kabati, akatoa kitambaa cha maua madogo, akachukua futi yake ya kushonea.

"Ana umbo gani?" akauliza.

Mzee akasimama, akaweka kiganja usawa wa kiuno chake.

Mshonaji akautazama ule mkono ulivyosimama hewani. "Huyo sasa ni mama wa watu," akasema taratibu. Akakunja futi, akakikunja kitambaa bila kukikata, akakitia kwenye mfuko. Akamwambia aende akamweleze mwenyewe neno lile kwetu lina maana gani, na kwamba alimkosea. Asipofanya hivyo, kila mtoto atakayetoka kwenye nyumba hii atatoka analia.

Kwa hiyo akaenda, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja. Njiani, basi baada ya basi, alikuwa akifukua lugha ya kule kichwani, akipanga sentensi yake kwa sauti ndogo mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Neno nililokuambia siku ile, kwetu tunalisema tukiondoka. Nilikosea kukuambia wewe. Nisamehe. Ilikuwa fupi, na aliirudia siku tatu.

Lami sasa ilifika mpaka kijijini. Alipokaribia geti la kituo, watoto wakaning'inia kwenye uzio wakaanza kupiga kelele kwa furaha, "Nakuja! Nakuja!" Akasimama barabarani. Alifikiri labda Uzi aliwafundisha, labda walikuwa wakimngoja. Mama Mlezi, aliyekuwa amezeeka, amestaafu na kupewa chumba nyuma ya jiko, ndiye aliyemfafanulia. Pale kituoni, miaka mingi sasa, wageni wote wa kujitolea huitwa hivyo. Wanaokuja wiki tatu kupaka rangi, wanaokuja mwezi kufundisha nyimbo, wote ni manakuja. Watoto wenyewe hawajui jina limetoka wapi. Wanajua tu kwamba nakuja ni mtu mzuri mwenye mkoba, na hakai ukamzoea.

Alimzungusha kumwonyesha kazi zake. Bweni lilikuwa limepakwa rangi upya, na alipofumba jicho moja kutazama pembe, ilikuwa imenyooka vile vile. Pembe ya jiko, ile ya mwisho, ilimaliziwa na mtu mwingine, na kuanzia kozi ya nane ilikuwa imeinama kidogo. Akaigusa, akasogea mbele.

Mama Mlezi alimpa habari zilizobaki kwa ufupi, akiwa ameegemea fimbo. Uzi alikaa kwenye pembe hiyo kila alasiri, timazi mkononi, mpaka akaota meno ya ukubwani. Kisha siku moja akaacha, hakumweleza mtu. Alipotimiza miaka kumi na minane alisafiri mwenyewe kwenda kumtafuta mdogo wake. Akakuta mama mdogo alishafariki, nyumba wanakaa watu wengine, na mvulana alichukuliwa na vibarua wa mashamba waliokuwa wakipita, upande gani hakuna ajuaye. Akarudi. Sasa anapika kwenye shule, ana mume anayeendesha trekta, ana watoto wawili. Mdogo wake hajamwona tena.

"Nimemwambia kwamba umekuja," Mama Mlezi akasema. "Aliendelea kukoroga sufuria yake."

Asubuhi iliyofuata alimpeleka hadi kwenye nyumba yenyewe, ya tofali za kuchoma, bati safi, benchi dogo nje chini ya dirisha. Akamwacha hapo, akarudi zake. Mzee akapiga hodi kwa lugha ya kule. Akasema ni Fundi. Ndani kifuniko cha sufuria kikawekwa mahali, na sauti ya mwanamke mzima ikajibu kwa Kiswahili, kwa lafudhi yetu kabisa:

"Nakuja."

Moyo wake ulimruka kwa furaha. Aliketi kwenye benchi, kitambaa mapajani, akitabasamu peke yake. Bado analo. Hakulisahau. Akaanza kuipitia sentensi yake tena.

Alisikia kufagia. Alisikia maji yanamiminwa, mtoto anaogeshwa na kulalamika sabuni, sahani zinapangwa. Jua likatoka kwenye magoti yake likapanda kifuani. Mara mbili alinyanyuka nusu, akadhani mlango unafunguka, akarudi chini. Ilipokaribia adhuhuri tabasamu lilikuwa limeshamtoka, lakini hakuondoka.

Hatimaye mlango ukafunguliwa. Alikuwa mrefu, bado mwembamba, gauni la bluu, kikapu mkononi, na watoto wawili nyuma yake wamevalishwa viatu. Mzee akasimama. Ile sentensi ya siku tatu akaifungulia mdomo, neno la kwanza likatoka, la pili likatoka, naye Uzi akainua kiganja taratibu, kama anavyomnyamazisha mtoto kanisani au msikitini. Hakuwa na hasira usoni. Hasira ingekuwa nafuu.

Akatia mkono kikapuni akatoa timazi. Uzi wake ulikuwa mpya. Bonde la ubavuni lilikuwepo, lakini shaba yote ilikuwa imelainika kwa kushikwa, inang'aa kuliko enzi za baba yake. Akaichukua mikono ya mzee, akaiweka humo, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja, kwa utaratibu ule ule aliofundishwa.

"Shika hii," akasema. "Nakuja."

Akafunga mlango kwa kufuli, akawashika watoto wake mikono, akapanda njia iendayo barabarani. Mtoto mdogo aligeuka mara moja kumtazama mgeni. Mama mtu hakugeuka.

Hakuhitaji mkalimani, mzee. Alielewa hata kabla kufuli halijalia. Angeweza kumkimbilia, miguu anayo. Angeweza kuitupa ile sentensi kwa sauti nyuma yao, ingewafikia. Alijua kwamba ameisafiria siku tatu na ameingoja miaka ishirini na minne, na kwamba haitasemwa, na kwamba aliyeifunga ana haki. Kitambaa cha mkewe kilikuwa kimeanguka chini. Akakiokota, akakipangusa vumbi, akakiweka kwenye benchi karibu na mlango. Kisha akaketi, akajizungushia uzi kidoleni, akainua mkono, akaiachia timazi ining'inie.

Alikaa hivyo mchana kutwa. Mkono ulipochoka alibadili mkono. Mara alilia, mara aliacha. Wapita njia walimsalimu, na yeye akawaitikia vizuri kwa lugha yao, akainama tena kutazama shaba.

Jua lilipoanza kushuka, Mama Mlezi akaja na fimbo yake, polepole, akihema. Akamweleza kwamba Uzi alipita kwake mchana na watoto. Wamekwenda kwa wifi yake, kijiji cha pili, na amesema hawarudi mpaka mgeni awe ameondoka. Basi la kesho ni la alfajiri, kwa hiyo ainuke, waende zao, apate kula chochote na kulala.

Mzee hakuinua macho. Upepo ulikuwa umeigusa timazi, nayo ilikuwa bado inayumba kidogo.

"Tusubiri kidogo, Mama," akasema. "Uzi nakuja."